Unakaa Relini Siku Nzima Huoni Treni? Anza na Masikio

"Kaka, nimekaa kwenye kivuko cha reli saa tano nzima, imepita treni moja tu, tena ya mabehewa sita. Mke wangu ananicheka. Nyie mnaziona wapi?"

Ujumbe huu umetoka kwa ndugu yetu anayeishi karibu na Rockford, Illinois, na si wa kwanza wa namna hiyo. Ndugu yangu, usimlaumu mke wako wala bahati yako. Mambo mawili yamekuangusha: umekaa kwenye reli isiyo na kazi, na umekaa ndani ya gari, vioo juu, muziki ukipiga. Treni za mizigo za Marekani hazitangazi ratiba kwa umma. Lakini karibu kila moja hutanguliwa na dalili, na dalili nyingi huzisikia kabla hujaona chochote.

Tuanze na reli yenyewe. Ukifika kwenye kivuko, simama barabarani, usikanyage kokoto, kisha tazama uso wa juu wa chuma. Reli inayopitiwa kila saa hung'aa kama kisu kilichonolewa, na mng'ao ni mpana. Reli ya treni moja kwa siku ina rangi ya kahawia pembeni na mstari mwembamba tu wa mng'ao katikati. Tazama na kokoto: njia kuu ina kokoto nene, safi, zenye kona kali, mataruma yamelala sawasawa. Ukiona majani yameota kati ya mataruma, washa gari uondoke. Njia mbili zilizo sambamba, zenye nguzo za taa za ishara za treni, ni dalili njema kuliko zote.

Kuna njia ya uhakika zaidi ambayo wengi hawaijui. Kila kivuko cha umma Marekani kina kibao kidogo cha bluu chenye namba ya simu ya dharura na utambulisho wa kivuko: tarakimu sita na herufi moja. Utambulisho huo ukiuingiza kwenye kumbukumbu za mamlaka ya reli ya serikali kuu, Federal Railroad Administration, unapata fomu ya kivuko hicho: treni ngapi hupita mchana, ngapi usiku, na mwendo wa juu unaoruhusiwa. Zisome kwa tahadhari, maana nyingine hazijasahihishwa kwa miaka. Tazama tarehe ya fomu kwanza. Lakini fomu ikisema treni mbili kwa siku, hakuna haja ya kubeba kiti.

Kwa mtu wa Rockford jibu liko jirani: Rochelle, mwendo wa nusu saa hivi kuelekea kusini kwa barabara ya I-39. Pale njia kuu ya kampuni ya reli ya Union Pacific, ya Chicago kwenda Omaha, inakatana na ya kampuni nyingine, BNSF, ya Chicago kwenda Minneapolis na St. Paul. Zote ni njia mbilimbili, kwa hiyo reli zinakatana uso kwa uso katika umbo ambalo watu wa reli huliita almasi. Mji umejenga bustani ya kutazamia treni hapohapo tangu 1998, yenye banda, meza na kipaza sauti cha redio ya reli. Kuingia ni bure.

Ukifika, sikiliza almasi kabla ya kupiga picha. Pale reli zinapokatana lazima ziachwe nyufa ili ukingo wa gurudumu upite, na kila gurudumu linaruka nyufa nne kabla ya kumaliza almasi. Zidisha kwa ekseli mia nne za treni ya kawaida, halafu utaelewa kwa nini vyuma vya pale husubiwa kwa chuma cha manganizi na bado huchakaa. Mlio wenyewe ni ta-ta-ta-ta, mkavu, na behewa tupu hulia tofauti na lililojaa: tupu hupiga kelele nyepesi ya bati, lililojaa hupiga kishindo unachokisikia kwenye soli za viatu. Na kwa tuliokulia Afrika Mashariki, jambo la kufurahisha: upana wa reli hizo ni milimita 1,435, uleule wa SGR ya Kenya na ya Tanzania. Zinazoonekana finyu ni reli zetu za zamani za mita moja.

Walioko majimbo mengine wana pa kwenda pia. Folkston, Georgia, kuna jukwaa la kutazamia treni za kampuni ya CSX. Altoona, Pennsylvania, kuna Horseshoe Curve, kona kubwa iliyofunguliwa 1854. Tehachapi, California, kuna kitanzi cha 1876 ambako treni ndefu hupita juu ya mkia wake yenyewe.

Sasa masikio. Nunua redio ya kusikilizia, skana. Mazungumzo ya reli Marekani yako kwenye masafa ya megahezi 160.215 hadi 161.565, kila chaneli ikipishana na nyingine kwa kilohezi 15, na bado mengi ni ya analogi. Kwa hiyo huhitaji skana ya bei mbaya ya kidijitali. Siku ya kwanza iache itafute kuanzia mwanzo wa masafa hadi mwisho, uandike ni chaneli zipi zimetoa sauti. Siku ya pili funga hizo mbili, tatu au nne tu. Watu wengi huacha redio izungukie chaneli zote 91 kila safari, kisha wanalalamika kwamba hawasikii kitu. Ujumbe unaoutaka ni wa sekunde chache, redio ikirudi kwenye chaneli hiyo umeshapita.

Antena fupi inayokuja na redio ni dhaifu. Badilisha, tafuta yenye urefu wa sentimita 45 hivi, ambao ndio robo ya wimbi la masafa haya. Kitufe cha kuzima mkwaruzo (squelch) kizungushe hadi mkwaruzo ukome, usizidishe hata kidogo. Ukikikaza sana utamsikia mwelekezaji tu, yule wa ofisini anayepanga treni ipi ipite wapi, kwa sababu sauti yake hutoka kwenye minara mirefu. Treni yenyewe, iliyo kilomita kumi nyuma ya mashamba ya mahindi, itakatwa. Na kama umenunua redio ya mkononi yenye uwezo wa kutuma, zima kabisa kitufe cha kutuma. Kutuma kwenye chaneli za reli ni kosa la jinai na ni hatari kwa watu waliomo kazini. Baadhi ya majimbo, yakiwemo Indiana, Kentucky na Minnesota, yana masharti kuhusu skana ndani ya gari, kwa hiyo soma sheria ya jimbo kabla ya kuvuka mpaka.

Sauti yenye faida kuliko zote ni ya mashine. Pembeni mwa njia, kila baada ya maili kadhaa, kuna kipimaji kinachokagua ekseli zilizopata moto na vitu vinavyoburuzika. Treni ikimaliza kupita, vingi hutamka redioni: jina la kampuni, nguzo ya maili, namba ya njia, hakuna kasoro, jumla ya ekseli. Hapo ndipo penye utamu. Tuseme kipimaji kiko maili ya 68, wewe uko maili ya 75, na treni inakuja kwako kwa mwendo wa maili 45 kwa saa. Maili saba gawanya kwa 45, zidisha kwa 60: dakika tisa na kidogo. Huo ni wakati wa mkia, maana kipimaji husema treni ikishapita; kichwa cha treni ndefu hutangulia kwa dakika moja au mbili. Una muda wa kumaliza chai, kumrudisha mtoto kwenye kiti na kuandaa kamera.

Ekseli nazo zinakupa urefu. Kimesema 418? Toa 18 za vichwa vitatu, maana vichwa vingi vya njia kuu vina ekseli sita. Zinabaki 400, gawanya kwa nne, maana behewa la kawaida lina ekseli nne: mabehewa 100. Hesabu hii hugoma kwa treni za makontena, na wengi hukwama hapa. Mabehewa yale ya kubeba kontena mbili, moja juu ya nyingine, mara nyingi huunganishwa matano kwa pamoja yakigawana magurudumu, na seti nzima ya matano ina ekseli 12 badala ya 20. Ukigawanya kwa nne utaambiwa treni ni fupi kuliko ilivyo. Pia si kila kipimaji huongea. Vingine vimewekwa viseme pale tu kasoro inapopatikana.

Ukiwa na redio inayofika megahezi 457.9375, sikiliza na huko. Kisanduku kinachofungwa kwenye behewa la mwisho hutuma taarifa za breki kwa kichwa, kila baada ya dakika moja hivi, kama mkwaruzo mfupi wa kri! Nguvu yake ni ndogo, kwa hiyo ukiusikia jua treni iko ndani ya kilomita chache. Mkwaruzo ukizidi kuwa safi, mkia unakaribia. Ukififia, umechelewa.

Macho nayo yana kazi yake. Katika njia nyingi taa za ishara huzimwa kuokoa balbu na umeme, zikawaka treni inapoingia kwenye kipande hicho cha njia. Taa iliyokuwa giza ikiwaka, inuka kitini: treni inakuja.

Sasa nasema kwa uchungu, na asiyependa anisamehe. Kila mwaka watu hufa Marekani wakiwa juu ya reli wasipopaswa kuwa, na miongoni mwao wamo wenye kamera mkononi. Kokoto na kipande cha ardhi kilichozizunguka ni mali binafsi ya kampuni ya reli. Kukanyaga pale ni kosa, na kampuni zina polisi wao wenye mamlaka kamili. Treni ya mizigo inayokwenda maili 55 kwa saa huhitaji maili moja au zaidi kusimama. Dereva akikuona, keshashindwa. Mwili wa treni huzidi reli kwa karibu mita moja kila upande, na mkanda wa kufungia mizigo uliokatika hupiga kama mjeledi. Kaa angalau mita saba na nusu kutoka reli ya karibu, na zaidi ukiwa na watoto. Usiweke sikio kwenye chuma kama tulivyofanya utotoni. Usitegemee honi: mbili ndefu, fupi moja, ndefu moja husikika kwenye vivuko vya kawaida, lakini iko miji iliyowekwa kuwa maeneo ya kimya ambako hazipigwi. Wakati wa treni maarufu ndipo wastaarabu huacha ustaarabu. Big Boy 4014, kichwa cha mvuke cha 1941 kilichorudishwa kazini 2019, kikipita mahali watu hujazana hadi kwenye mataruma. Picha moja mbaya haina thamani ya mguu.

Gari likikwama kwenye kivuko, toeni watu kwanza. Kimbieni mkiiacha reli, kwa mshazari kuelekea upande treni inakotoka, ili vipande visiwafuate. Kisha pigeni simu iliyo kwenye kibao cha bluu na msome utambulisho wa kivuko.

Askari akija kukuuliza, na kwa ngozi zetu na lafudhi zetu atakuja, usikunje uso. Kupiga picha ukiwa kwenye eneo la umma kunaruhusiwa. Mikono ionekane, jibu kwa kifupi: natazama treni. Mwonyeshe daftari. Daftari lenye saa, upande na namba za vichwa hueleza shughuli yako kuliko maneno. Akikuambia usogee, sogea. Mabishano ya haki yafanyike siku nyingine, si kando ya reli na watoto wakitazama.

Kwa picha, tuliozoea jua la utosini hukosea sana huku. Rochelle iko kaskazini ya ikweta kwa nyuzi 42, na Desemba adhuhuri jua halizidi nyuzi 27 juu ya upeo. Kwa njia ya mashariki–magharibi simama upande wa kusini, jua liwe mgongoni, la sivyo kichwa kitatoka cheusi tii. Kasi ya kamera isipungue 1/1000 ya sekunde treni ikiwa karibu. Baridi inaua betri, kwa hiyo ya akiba iwe mfuko wa ndani, karibu na mwili.

Kwa familia: viziba masikio vya watoto ni lazima. Kwa kanuni, honi ni kati ya desibeli 96 na 110 kwa umbali wa mita 30. Chai kwenye chupa, chapati zilizokunjwa na mayai ndani, blanketi, na saa ya kuondoka mliyokubaliana nyumbani. Saa ikifika ondoka, hata redio ikiita.

Jipe wiki nne mfululizo, Jumamosi ileile, saa zilezile. Andika kila treni: saa, upande, namba ya kichwa cha mbele, aina ya mzigo, ekseli. Na mkia ukishapita, ile taa ndogo nyekundu ikimetameta kuelekea magharibi, usikunje kiti. Kwenye njia mbili treni ya pili huweza kuwa imejificha nyuma ya ya kwanza, na nyuma ya treni moja mara nyingi kuna nyingine iliyokuwa ikisubiri taa. Kaa dakika ishirini zaidi, redio wazi.