Unene wa kioo kwa tangi la samaki lisilo na fremu

Ndugu, umeuliza kama kioo cha milimita 8 kitatosha kwa tangi lisilo na fremu, lenye urefu wa sentimita 120 na kimo cha sentimita 50. Hakitoshi. Shinikizo la maji hutegemea kimo, si ujazo, na kwa kuwa ukingo wa juu hauna cha kuushikilia, kioo cha mbele hupinda katikati na kuivuta silikoni (gundi inayounganisha vioo) kwenye maungio usiku na mchana. Kwa hesabu inayotaka kioo kihimili mara 3.8 ya mzigo wake, milimita 10 zinapita; hata hivyo mimi ningechagua 12, kwani mpindo hupungua kwa takriban asilimia 42. Kioo chakavu chenye mikwaruzo usikikubali, hata kikiwa rahisi.