Maswali ya Wasomaji: Panya Aliyelelewa Peke Yake

SWALI: Assalaam alaikum. Nafundisha biolojia sekondari hapa Lamu. Mwanafunzi wangu ameuliza: mtoto wa panya akitengwa na wenzake, lakini akapewa chakula, maji na joto sawasawa na wao, kuna kinachobadilika ubongoni? Na akirudishwa kundini, hupona?
Mwalimu, Langoni

JIBU: Waalaikum salaam, Mwalimu. Mpongeze mwanafunzi huyo, maana jaribio lenyewe hupangwa hivyo makusudi, ili njaa na baridi visisingiziwe. Watoto wa panya huachishwa ziwa wakiwa na siku 21. Baadhi huwekwa watatu au wanne katika kizimba kimoja, wengine mmoja mmoja, wote katika chumba kimoja chenye saa 12 za mwanga na 12 za giza. Aliyetengwa bado huwasikia wenzake na kupata harufu yao. Anachokosa ni kuguswa na kucheza mieleka.

Baada ya wiki sita hadi nane hupimwa. Akitiwa mahali pageni hukimbia huku na huko, na huchelewa kupazoea. Kipimo kizuri zaidi, kwa maoni yetu, ni cha mshtuko. Sauti ya ghafla ya desibeli 120 humshtua panya yeyote, lakini ikitanguliwa na sauti hafifu, milisekunde 100 hivi kabla, aliyelelewa kundini hushtuka kidogo tu. Kwa aliyetengwa, onyo hilo halisaidii sana. Ubongo wake hauchuji vizuri yanayoingia.

Kemikali nazo hupimwa panya akiwa hai. Mrija mwembamba wenye utando huingizwa katika nyukliasi akambensi, sehemu ya ndani ya ubongo inayohusika na hamu. Maji ya chumvi hupitishwa humo polepole, mikrolita 1 au 2 kwa dakika, na dopamini, moja ya kemikali ambazo neva hutumia kupelekeana ujumbe, hupenya utando na kutoka nayo. Wakidungwa amfetamini, dawa ya kuchangamsha, panya waliotengwa humwaga dopamini nyingi kuliko wenzao. Katika hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, serotonini yao, kemikali nyingine ya neva, haipandi ipasavyo wanapopata msukosuko.

Kikubwa hapa ni umri. Panya mzima akitengwa kwa muda uleule, kasoro ile ya mshtuko haijitokezi. Mwaka 2012 watafiti wa Boston walionyesha jambo la aina hiyo kwa panya wa maabara wa aina ile ndogo (mouse kwa Kiingereza): waliotengwa kuanzia siku ya 21 hadi ya 35 walikuwa na mayelini nyembamba, yaani ala ya mafuta inayofunika nyuzi za neva, katika gamba la mbele la ubongo. Walirudishwa kundini, na mayelini haikurudia hali yake. Waliotengwa baada ya siku ya 35 hawakupata dosari hiyo. Basi mjibu mwanafunzi: akishapitwa na siku zile, kurudishwa hakutoshi. Lakini mwambie pia kwamba saa moja tu ya kucheza na mwenzake kila siku, katika siku zilezile za utoto, ilipunguza sana madhara ya kitabia. Hilo linatupa matumaini makubwa.

Majaribio haya huharibika kwa urahisi. Mhudumu akimshikashika panya aliyetengwa kila siku, tofauti hufifia, maana mkono wa mtu nao ni mguso. Ndiyo sababu maranda ya kulalia hubadilishwa mara chache na kwa kumgusa kidogo. Kosa jingine ni kuweka watoto wote wa mama mmoja katika kundi moja la jaribio. Hapo unaweza kuwa umepima ukoo, ukadhani umepima upweke. Wagawanye katika makundi yote.

Darasani msijaribu kumtenga mnyama yeyote. Chora jedwali la siku 21 hadi 35 ubaoni, latosha.

SWALI: Paka wa jirani amezaa wanne. Anataka kunipa mmoja mwenye wiki nne. Nimchukue?
Msomaji, Shela

JIBU: Subiri afike wiki nane. Mieleka na nduguze humfunza kuzuia meno na makucha. Lakini usikae mbali: kati ya wiki ya pili na ya saba ndipo paka huzoea watu, kwa hiyo nenda kwa jirani kila siku, umshike kwa upole, aisikie sauti yako. Siku ya kumchukua, kama nafasi ipo, chukua na nduguye mmoja.