Kp ya stairini (kipimo cha kasi ambayo molekuli zake huungana kuwa mnyororo wa polima) inabadilika kila nikibadili mapigo ya leza, nakosea wapi?

Mdogo wangu wa Lindi, kp ikipanda na kushuka namna hiyo, kagua kwanza unavyosoma grafu. Usisome kileleni. Soma pale grafu ya mgawanyo wa uzito wa molekuli inapopanda kwa kasi zaidi, kabla ya kilele: hapo ndipo L, urefu wa mnyororo uliokua kati ya pigo na pigo la leza, ukihesabiwa kwa idadi ya monoma (molekuli moja moja za stairini) zilizoungana. Kisha kp = L ÷ (M × t), M ikiwa ukolezi wa monoma na t muda kati ya pigo na pigo.

Chukua stairini tupu kwenye nyuzi 25: M ni takriban 8.7 mol/L. Kwa mapigo 10 kwa sekunde, t ni sekunde 0.1, na L ya 75 inakupa kp ya 86 hivi, L/mol/s. Lazima uone na mpando wa pili karibu na 150. Usipouona, namba hiyo usiiamini hata kama inapendeza.

Halafu joto! Mchana wa Lindi chumba hufika nyuzi 30 kirahisi, na nyuzi 5 tu huongeza kp ya stairini karibu robo. Weka kichupa kwenye maji yenye kidhibiti joto, kitulie ndipo uwashe leza. Toa oksijeni kwa kupitisha nitrojeni, na simamisha kabla 3% ya monoma haijageuka polima.