Kuhamia kwenye wingu: kinachobadilisha biashara ni namna unavyotoza

Mkuu, umeuliza kama kampuni ikihamia kwenye wingu, yaani kukodi kompyuta na hifadhi za wengine kupitia intaneti, inabadilika kibiashara kweli au ni porojo za wauza seva. Nakujibu kwa niliyoyaona. Niko kwenye kampuni ndogo hapa Dar inayotengeneza programu ya mauzo na stoo kwa maduka ya dawa, na nilikuwepo kabla hatujahama.

Enzi zile tuliuza leseni. Mteja analipa mara moja, fundi anapanda basi mpaka Mwanza na flashi mfukoni, anaiweka programu kwenye kompyuta ya kaunta, anamfundisha muuzaji, anarudi. Baada ya hapo kimya, mpaka siku diski ife. Kampuni ya namna hiyo inaishi kwa wateja wapya tu. Wa zamani akipiga simu ni hasara, maana ameshalipa na nauli ya fundi ni juu yako. Watu wanalalamika huduma baada ya mauzo zilikuwa mbovu, lakini kwa hesabu zile zingekuwaje nzuri?

Kuihamishia programu kwenye wingu peke yake hakukubadilisha kitu. Kilichobadilisha ni ankara. Amazon walipoanza kukodisha nafasi ya kuhifadhia mafaili Machi 2006, na kompyuta zenyewe Agosti mwaka huohuo, upya wake ulikuwa kwamba unalipia ulichotumia, basi. Ni kama umeme wa LUKU, unalipa kadiri unavyotumia. Na ukishanunua kwa mtindo wa LUKU, na wewe unaweza kuuza hivyo hivyo. Duka la Mbagala lisiloweza kutoa laki saba kwa mpigo linatoa elfu ishirini kila mwezi kwa simu. Ghafla wale tuliokuwa tunawaona "hawana uwezo" wakawa ndio wateja wengi. Na kwa kuwa anaweza kuacha mwezi ujao, simu yake sasa inapokelewa haraka.

Lakini sehemu tamu hatukuipanga sisi. Kuna mzee mmoja ana maduka matatu, akasema, "Kijana, nataka nikiwa nyumbani nione kila duka limeuza nini." Zamani hilo lilikuwa kazi ya kukusanya madaftari jioni. Sasa taarifa zote zilikuwa sehemu moja, tukamtengenezea. Muda si mrefu akaona amoxicillin imekwisha duka moja, huku duka la pili lina maboksi yanayokaribia kuisha muda. Akatuma bodaboda. Kisha akauliza: kama mnaona imebaki kiasi gani, kwa nini nimpigie muuza jumla?

Tukaweka kitufe cha kuagiza. Leo wauzaji wa jumla wanatulipa kamisheni kwa kila oda. Hao hawakuwa wateja wetu kabisa, na programu ya kwenye flashi isingewafikia hata iwe nzuri vipi. Mimi hapo ndipo naona biashara ilibadilika. Malipo ya mwezi yalikuwa mlango tu. (Wapo waliotaka kununua taarifa za wagonjwa. Tulikataa, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 haina mchezo na mambo hayo.)

Sasa maumivu, ambayo wauza wingu hawayasemi. Ukiacha leseni, hela kubwa za mara moja zinakatika leo, na vijihela vya mwezi vinachukua muda kujaa. Hata wakubwa iliwauma: Adobe walitangaza 2013 kwamba matoleo mapya ya programu zao za ubunifu yatakuwa ya kulipia kwa mwezi au mwaka tu, na mapato yao yakashuka kutoka dola bilioni 4.4 mwaka 2012 hadi kama bilioni 4.06 mwaka 2013. Mpaka mwaka 2015 ndipo yalipita yale ya 2012. Wao walikuwa na akiba. Sisi kuna kipindi mshahara ulitoka nusu nusu.

Halafu ankara ya wingu inakuja kwa dola, mteja analipa shilingi. Shilingi ikiyumba, faida inayeyuka bila mteja kujua. Na intaneti yenyewe: Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, nchi nzima ilisota. Programu yetu inauza hata mtandao ukiwa chini, ikiupata inapeleka taarifa juu. Bila hilo, duka la dawa lingekufungia mlango siku hiyohiyo.

Kwa hiyo kabla hujahama, kaa na mhasibu wako umuulize mnaweza kuishi miezi mingapi bila hela za leseni. Akisema miwili mitatu, wapeleke wateja wapya tu kwenye malipo ya mwezi. Wa zamani waache na leseni zao, uwahamishe kompyuta zao zikichoka.