Kundi la wateja wa samaki Malindi: oda zinapotelea wapi

Dada, swali lako nimelisoma mara mbili. Una kibanda cha samaki Malindi, vijana watatu, kundi la WhatsApp lenye wateja 180, na mashaka matatu: oda zinapotea, wateja wanalalamika kucheleweshewa, na jioni samaki wanabaki ilhali asubuhi kundini kila mtu aliwataka. Waliotangulia kujibu wamekwambia uongeze wateja. Usiongeze hata mmoja kwanza. Chombo kinachovuja hakipakiwi.

Tundu lenyewe liko hapa: oda unaiacha ikae kundini. Mtu anaandika "niwekee changu kilo mbili", wa pili anaitikia salamu, wa tatu anatuma dua ya Ijumaa, wa nne anauliza pweza bei gani, na kijana wako aliye na kisu mkononi na magamba hadi kwenye viwiko hana namna ya kurudi nyuma jumbe 60 kutafuta nani alitaka nini. Kundi ni baraza. Barazani watu hujuliana hali na kupeana habari, hesabu hufanywa dukani kwenye daftari.

Kwa hiyo tenganisha. Laini ya duka iwe ya duka peke yake, na uweke WhatsApp Business, ambayo ni ya bure. Kundi la wateja libaki pa kutangaza na kuzungumza. Kila oda ije kwa ujumbe wa peke yake kwenye namba ya duka. Atakayeandika oda kundini ajibiwe palepale kwa adabu, "Shukran, nitumie kwenye namba ya duka nikuandikie", na isipokelewe mpaka aitume huko. Wiki mbili za mwanzo utaonekana una maringo. Ukimpokelea mmoja kwa kuwa ni shemeji, umerudi ulipokuwa.

Kwenye WhatsApp Business kuna majibu ya haraka: unaandika matini mara moja, unaipa kifupi kama /oda, kisha ukigusa kifupi hicho inatoka yote. Iweke hivi:

"Karibu. Nijazie: 1) Jina. 2) Samaki na kilo. 3) Mzima, amepasuliwa, vipande au mnofu. 4) Mtaa na alama ya karibu. 5) Asubuhi au alasiri."

Kipengele cha tatu ndicho kinachosahaulika na ndicho kinacholeta ugomvi. Mteja akisema "kilo tatu za tewa" na wewe ukampimia kilo tatu akiwa mzima, ukimtoa mnofu atapokea kama kilo moja na robo, pengine pungufu, kwa sababu kichwa cha tewa ni kikubwa na mnofu wake hauzidi sana asilimia 40. Atakuona mwizi. Mwambie kabla: bei ni ya uzito wa samaki mzima, au ni ya mnofu uliopimwa baada ya kisu. Chagua moja na uibandike juu ya kundi. Na bei ya mnofu ipigie hesabu vizuri. Ukinunua tewa kwa shilingi 400 kilo (bei ya mfano tu), kilo ya mnofu imekugharimu 1,000 kabla hujalipa barafu, kijana wala bodaboda. Wapo wanaouza mnofu kwa 900 wakishangaa kwa nini biashara haisogei.

Kisha tumia lebo, yaani alama unayobandika kwenye mazungumzo ya kila mteja. Nne zinatosha: Oda mpya, Imelipwa, Imepakiwa, Imefika. Akaunti moja inaweza kuunganishwa na vifaa vingine vinne, kwa hiyo kijana wa mzani awe na simu yake ya bei rahisi iliyounganishwa na namba ya duka, abadilishe lebo mwenyewe akishafunga mfuko. Wewe ukiwa sokoni au msibani unatazama tu: ziko mpya ngapi, zimepakiwa ngapi. Simu kuu ikikaa siku 14 bila kufunguliwa WhatsApp, vifaa vilivyounganishwa hujitoa, basi usiifungie kabatini.

Daftari lisiachwe hata hivyo. Kila oda iwe na namba ya tarehe na mfuatano, mfano 14-07, yaani tarehe 14 oda ya saba. Namba hiyo iandikwe daftarini, kwenye mfuko kwa kalamu isiyofutika na maji, na kwenye ujumbe wa mwenye bodaboda. Bila hivyo, mifuko miwili ya changu kilo mbili mbili ikitoka pamoja, mmoja wa Maweni mwingine wa Barani, itabadilishana njiani na aliyeagiza mzima atapelekewa vipande.

Ujumbe wa asubuhi ndio unaouza. Uwe mmoja, kwa saa ileile, baada ya mzani na si kabla. Kama hivi:

"Jumanne. Vyombo vimeingia saa 1 asubuhi. Changu kilo 14. Tafi kilo 9. Kolekole wawili, wa kilo 4 na wa kilo 6. Pweza hakuna leo, maji mafu. Bei ni za ubaoni. Oda za asubuhi zinafungwa saa 4, pikipiki inaondoka saa 5."

Tazama zile kilo. Mteja akiona tafi ni tisa tu, hangoji jioni. Na ukiuza zikaisha, jibu kwa kuunukuu ujumbe uleule uandike "tafi wameisha", kwa sababu WhatsApp hairuhusu kuhariri ujumbe baada ya dakika 15. Picha ipigwe kivulini, samaki juu ya barafu, matamvua ya mmoja yakiwa wazi yaonekane wekundu wake, na jicho lionekane. Picha ya jana usiirudie hata kama samaki wanafanana. Kundini mna watu waliokulia ufukweni, watalijua jicho la jana.

Saa nazo zina mtego. "Saa 2" kwa mpishi mgeni aliyetoka nje au kwa msimamizi wa nyumba za Waitaliano kule Casuarina inasomwa saa nane mchana. Andika "saa 2 asubuhi" kwa kundi, na kwa wageni andika 8:00. Majina ya samaki ni vivyo hivyo: aliyetoka bara hajui tafi ni nani, na hata hapa pwani mji hadi mji majina yanapishana. Orodha ya bidhaa ndani ya WhatsApp Business iwe na picha ya kila aina, jina la Malindi, na neno moja la matumizi: wa kukaanga, wa kupaka, wa mchuzi.

Kuhusu samaki kubaki jioni. Jana yake saa 2 usiku weka kura kundini, chaguo nne au tano: changu, tafi, pweza, jodari, sihitaji kesho. Waliopiga kura si wanunuzi, ndugu yangu, usinunue kwa kura kamili. Anza kwa kudhani nusu yao watanunua, andika daftarini waliopiga na walionunua, na baada ya wiki tatu utakuwa na uwiano wa kundi lako mwenyewe. Huo ndio wa kwenda nao mnadani. Na ukiona mnada una samaki tele kuliko kura zako, zuia mkono. Kinachobaki saa 9 alasiri kiende kwa mama karanga, mwanamke anayekaanga samaki wa kuuza, kwa bei mliyoafikiana mapema, kwa maana ukimfuata jioni umebeba kreti, bei ataipanga yeye.

Pweza anahitaji kalenda. Anayetafutwa kwa miguu mwambani hupatikana kwa wingi siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, kwa kuwa maji hupwa sana na mwamba ukawa wazi. Siku za maji mafu, maji yasipopwa sana, usiahidi. Ukitangaza kundini siku mbili kabla ya bamvua, "kuanzia Alhamisi pweza, andikisheni", unauza kabla hujanunua. Mwambie mteja pia kwamba pweza hunywea sana akichemka, asije akafikiri umempunja.

Manahodha wawe na kundi lao dogo, mbali na wateja. Nahodha akishapata mtandao anaporudi, anaandika aina na makadirio ya kilo, nawe unajua utayarishe barafu kiasi gani. Bei isijadiliwe humo, ijadiliwe samaki akiwa mzanini. Kuwachanganya manahodha na wateja ni kosa linaloonekana la kindugu mwanzoni, kisha mteja anaona bei ya ufukweni, nahodha anaona bei yako, na wewe katikati huna rafiki.

Barafu ndiyo nusu ya malalamiko yako ya "samaki amelegea". Kwa joto la hapa weka kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki: tabaka la barafu chini, samaki, barafu tena, tumbo likiangalia chini ili maji yachuruzike, na kasha liwe na tundu la kutoa maji. Jodari na nguru msiwafanyie mzaha kabisa. Wakikaa kwenye joto hujenga sumu ambayo moto wa jikoni hauiondoi, mlaji anawashwa na kuwa mwekundu uso ndani ya saa moja. Mteja mmoja akiandika hilo kundini, miezi sita ya kuaminika imekwenda. Na kijana mpya afunzwe kukata miba ya tafi kwanza, ina sumu na inauma haswa. Kijana mwenye mkono uliovimba ni oda zilizochelewa.

Malipo: yapokee kwa till ya M-Pesa, mfuko usitoke kabla lebo haijawa Imelipwa. Picha ya ujumbe wa M-Pesa aliyotuma mteja si malipo, picha hutengenezwa. Anayetazama ujumbe ulioingia kwenye simu ya till awe mtu mmoja, naye ndiye anayeweka lebo ya Imelipwa. Mkipokea kwa namba ya simu ya kawaida, kumbuka mtumaji anaweza kuomba pesa zirudishwe kwa kupeleka ule ujumbe 456, hivyo kwa mteja mgeni usifanye haraka. Mahoteli yanayolipa mwisho wa mwezi yawekee kikomo cha kilo, si cha siku, kwa sababu msimu ukiisha wageni wakaondoka, deni hubaki na wewe na barafu yako.

Kundi la vijana wa kazi nalo lina sheria yake moja kubwa: hesabu haisemwi kwa sauti. Ujumbe wa sauti hautafutiki, na pikipiki ikipita "kumi na tatu" inakuwa "kumi na tano". Kilo, bei na namba ya oda viandikwe. Sauti itumike kuelekeza njia tu.

Sasa ndipo unaweza kukuza. Usimwingize mtu kundini bila kumuuliza. Kwanza namba yake itaonekana na wote, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inayotaka ridhaa. Pili, wakikuripoti wengi namba ya duka hufungiwa. Bandika msimbo wa QR kwenye mfuko na kwenye meza ya mzani, aingie mwenyewe. Aliyeleta jirani akanunua, mpe kuparia (kutoa magamba) bure oda moja. Punguzo la pesa huleta watu wa punguzo. Orodha ya matangazo, ile inayompelekea kila mtu kivyake, hubeba watu 256 na humfikia tu aliyehifadhi namba yako, kwa hiyo ni nzuri kwa mahoteli na wapishi, si kwa mtaa mzima.

Kinachowaweka watu kundini siku wasiyonunua ni habari zako. Kusi likivuma, hasa Juni hadi Agosti, vyombo vidogo havitoki, sema hivyo wazi, na uwape mapishi ya ng'onda au papa mkavu. Mto Sabaki ukishusha tope la mvua, maji ya ghuba yakawa mekundu, waeleze kwa nini samaki wa karibu wamepungua. Ramadhani sogeza saa zote: oda zifungwe saa 6 mchana, zifike kabla ya saa 10 alasiri, kwa kuwa hakuna anayetaka kupokea samaki adhana ikikaribia. Matangazo ya wengine yape siku moja, siasa usiipe hata moja.

Lalamiko likija kundini usilifute. Jibu palepale kwa mstari mmoja, "Pole, nakupigia sasa", malizeni pembeni, kisha rudi useme ulilofanya: umembadilishia au umemrudishia. Weka sharti la picha ndani ya saa mbili tangu mfuko ufike.

Kila Jumapili hesabu vitu vinne: oda zote, zilizochelewa, zilizolalamikiwa, kilo zilizobaki. Zilizochelewa zikipungua wiki tatu mfululizo, fungua mlango uongeze wateja. Zisipopungua, angalia pikipiki kabla ya kuangalia vijana. Mara nyingi mtu mmoja anapelekwa Mambrui na Mayungu kwa safari moja, kaskazini na kusini, na hapo hakuna kundi litakaloponya.

La mwisho, na lifanye leo. Laini ya duka isajiliwe kwa jina lako, isiwe ya kijana. Akiondoka nayo ameondoka na wateja wote 180. Washa uthibitisho wa hatua mbili kwenye WhatsApp, na ile PIN iandike kwenye daftari linalokaa nyumbani.