Tuulizane: Upanga, ubavuni mwa Muhimbili, panakalika?

SWALI: Shikamoo shangazi. Mimi ni nesi, nimehamishiwa hospitali ya Muhimbili, Dar, kutoka Mbeya, mume wangu ana duka Kariakoo, tuna watoto wawili wa shule ya msingi. Tumeoneshwa nyumba mbili, moja Kinyerezi nyumba nzima ina geti na uwanja, nyingine flati ya zamani Upanga vyumba viwili ghorofa ya chini, bei ileile laki saba na zote wanataka miezi sita. Mume anasema Upanga, mama mkwe naye anasema Upanga, mimi naona tutabanana tu. Na sielewi mama mkwe aliyeko Tukuyu anaitakia nini Upanga. – Mama Wawili

JIBU: Marahaba mwanangu. Mama mkwe wako ana akili kuliko sisi wote. Anajua ukishaweka godoro lako Upanga, siku yoyote mtu wa Tukuyu akipewa rufaa ya Muhimbili basi ana pa kushukia, na hapo simsemi vibaya maana hata mama yangu alinifanyia hivohivo.

Mie nimekaa huku miaka zaidi ya ishirini. Jikoni kwangu kuna hotipoti tatu ambazo sijazinunua, zimebandikwa plasta nyeupe ya hospitali na juu yake mtu kaandika kwa peni KIBASILA, MWAISELA na ya tatu SEWAHAJI, hayo ni majengo ya wodi za pale. Wenyewe walikuja na wagonjwa wao, wakapika kwangu, wakapeleka chakula saa za kuona wagonjwa, wakarudi makwao, wengine na mgonjwa kapona wengine ndo hivo tena, hotipoti zikabaki. Kila nikitaka kuzigawa simu inaita, "mdogo wangu, tupo kwenye basi, tumeshapita Chalinze".

Sasa hilo ndo la kukaa na mume wako mliongee kabla hamjatoa hela ya dalali, sio mambo ya kubanana. Mgeni wa hospitali hana tarehe, anakuja kwa kliniki ya siku moja, daktari anataka kipimo, kipimo kinataka siku nyingine, unashtukia wiki ya tatu na unga wa kilo kumi umekwisha na wewe ndo umetoka shifti ya usiku unaruka watu waliolala sebuleni. Kubalianeni nani analala wapi, mboga anatoa nani, na nani kati yenu atauliza "mnakaa siku ngapi?" bila kuona aibu. Kwetu anauliza mume wangu kwa sababu ni ndugu zangu, wakiwa ndugu zake nauliza mie, hivo hatugombani na watu wa damu yetu. Nunua na godoro la sponji la inchi nne, mchana unalisimamisha nyuma ya mlango.

Ukishalimaliza hilo, mie nakwambia chukua Upanga. Wenzako wa Kinyerezi wakitoka shifti ya usiku wanaanza kutafuta daladala, jioni foleni ya Tabata inawangoja, wewe unatembea kwa mguu, kunguru wanakupigia kelele kwenye mkungu, unapita kwa mama wa uji na chapati, saa moja na nusu umeshaoga. Mume wako Kariakoo ni bajaji tu. Watoto wana Olympio na Diamond, shule za serikali zinazofundisha kwa Kiingereza, ila nafasi zinagombaniwa kweli kwa hiyo anza kuulizia mapema.

Sasa nyumba yenyewe. Nenda kaione siku mvua imenyesha, ukute dalali anasitasita kuloa, wewe nenda. Angalia chemba za nje, nyumba nyingi za huku zilijengwa miaka ya 50 na 60 kwa familia moja na leo zinabeba tatu, na ghorofa ya chini ndo inayopokea kila kitu kinachotoka juu. Uliza mita ya LUKU ni yako peke yako au mnashea, kama mnashea na mtu ana friza la kuuzia barafu basi umekwisha. Uliza na pampu ya maji nani anaiwasha, nani analipia.

La mwisho kuhusu hiyo flati, na hili lilinitoa machozi mwenyewe. Uliza mkataba mkubwa una jina la nani. Ntakupa historia kidogo. Mwaka 1971 serikali ilitunga sheria ya kuchukua majengo ya kupangisha yenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000, wakati huo hiyo ni hela nyingi sana, na majengo mengi yalikuwa ya watu wenye asili ya Asia, wakiwemo wa Upanga na mjini kati, baadhi wakafunga mizigo wakaondoka nchini. Majengo yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, mwaka 1990 yakahamia Shirika la Nyumba la Taifa, ndo maana mpaka leo utasikia mzee anasema "nakaa nyumba ya Msajili". Kwa hiyo huku utakuta flati ina mwenye jengo, ina mpangaji wake wa miaka na miaka, alafu huyo mpangaji kaenda zake kukaa Mbezi kampangisha mwingine kimyakimya, na huyo mwingine ndo anakuonesha wewe. Mie nlimlipa mtu wa namna hiyo miezi sita, mwezi wa pili akaja mama mmoja na karatasi yenye jina lake anauliza nyie kina nani, dalali simu haipatikani. Wa kwako akishindwa kukuonesha karatasi ya mwenye jengo, usiache hata elfu kumi ya kushikilia.

SWALI: Shangazi mambo, niko mwaka wa nne udaktari hapo MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, tumepanga wanne uani kwa bibi mmoja Upanga. Bibi anafunga geti saa nne usiku kamili na sisi tuna zamu za usiku wodini, juzi mwenzetu kalala kibarazani kwa mlinzi wa jirani. Tuhame? – Daktari Mtarajiwa

JIBU: Poa tu, ila bibi mwambie shikamoo. Msihame. Chukueni ratiba ya zamu, iandikeni upya kwa herufi kubwa, kwa Kiswahili, mpelekeeni na mkate, mwambieni siku fulani fulani ni fulani anayechelewa na atampigia simu akifika getini. Bibi hafungi geti kwa roho mbaya, tokea chuo kianze 1963 wazee wa huku wamepangisha wanafunzi vizazi na vizazi na wanajua sio kila anayerudi saa saba alikuwa wodini. Mkimaliza hapo mpimeni presha kila Jumapili. Mwezi haupiti mtapewa funguo.

SWALI: Hivi hakuna sheria ya kuzuia kubomoa zile nyumba nzuri za zamani za Upanga? Kila siku ghorofa. – Mzaliwa wa Mtaa wa Mindu

JIBU: Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 ipo, lakini inayalinda yenyewe moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863, na milango ya kuchonga ya kabla ya 1940. Nyumba za kwetu ni za juzi, hazifiki huko, mpaka waziri aamue kulitangaza jengo. Hata Muhimbili yenyewe ilifunguliwa 1956, ikiitwa Princess Margaret. Wewe kama una picha ya nyumba yenu kabla haijavunjwa nitumie, ikiwezekana ionekane na baraza.