Mama wa Baraza anajibu: Kodi ya miezi sita, LUKU na mkopo wa nyumba

Kwa wanaofungua ukurasa huu mara ya kwanza: nilikuwa karani wa Baraza la Nyumba hapa Iringa enzi bado lipo, na leo nina vyumba 6 vya kupangisha Kihesa. Kwa hiyo ninapojibu, nusu anajibu karani na nusu anajibu mama mwenye nyumba. Mjue wa kumwamini.

*Shikamoo mama. Mimi ni mpangaji Ilomba, Mbeya, nashona nguo pale Mwanjelwa. Chumba na sebule nilikuwa nalipa 60,000 kwa mwezi. Juzi mwenye nyumba kanipigia simu, sasa ni 85,000, tena anataka ya miezi sita kwa mkupuo. Nimepiga hesabu ni 510,000. Mtaani kwetu kulikuwa na mkutano, mwanasiasa mmoja akasema akipata udiwani ataweka kikomo cha kodi, wenye nyumba washike adabu. Tulishangilia mpaka sauti zikakauka. Mume wangu anasema zile ni porojo. Mama, tumwamini nani?*

Marahaba mwanangu. Kwa hili mumeo yuko sahihi, ila mwambie asitambe sana, maana hajakupa hiyo 510,000.

Diwani hana ubavu huo. Mambo ya upangaji yamo kwenye Sheria ya Ardhi ya 1999, na hiyo inabadilishwa Dodoma, siyo kwenye kikao cha halmashauri. Wenzetu wa Berlin, Ujerumani, walijaribu. Mwaka 2020 jiji lao likafunga bei za pango, watu wakafurahi. Aprili 2021 Mahakama ya Katiba ikaifuta sheria nzima kwa hoja hiyohiyo: jiji halina mamlaka, mamlaka ni ya bunge la shirikisho. Wapangaji wengi wakajikuta wanadaiwa ile tofauti waliyokuwa wamepunguziwa. Kwa hiyo mtu akikuahidi kikomo, kabla hujapiga makofi muulize anakiweka akiwa ameketi kiti gani.

Kikomo chenyewe tulikuwa nacho, na mimi nimekula mshahara wake. Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba ya 1984 ilikuwa na baraza kila mkoa. Mpangaji akija kulalamika, kodi halali inapangwa na baraza, siyo na mwenye nyumba. Nakumbuka asubuhi moja ya Julai, baridi ile ya Iringa ya kuvaa makoti mawili, akaingia baba mmoja na bawaba mbili mkononi. Akaziweka mezani kwangu juu ya faili. Mwenye nyumba wake alikuwa amekatazwa kupandisha kodi, basi akaja usiku na fundi akang'oa mlango. Yule baba hakuleta barua wala shahidi, alileta bawaba. Tulimshindia kesi. Wiki tatu baadaye alihama, maana na mke na watoto unaishije na mtu aliyekung'olea mlango?

Na palipokuwa na kodi halali palikuwa na kilemba. Kwenye risiti unaona bei ya serikali, chini ya meza mpangaji mpya ametoa kilemba, hela ya pembeni isiyoandikwa, ili apewe funguo. Faili lilikuwa safi kabisa. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2005, na sikulia, ingawa ilinilisha.

Sasa nisikilize kwenye jambo ambalo majukwaani silisikii. Kinachokuumiza siyo 85,000. Inauma, sikatai, lakini ukishona gauni mbili tatu za ziada unaifikia. Kinachokuvunja mgongo ni 510,000 kwa siku moja. Hata wakikufungia bei kwenye 60,000, miezi sita bado ni 360,000 kwa mkupuo, na wewe unalipwa kwa kitenge kimoja kimoja. Hapo ndipo watu wanakimbilia kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kali.

Na mwenye nyumba anaitaka ya nini kwa mkupuo? Nitajisema mwenyewe. Mwaka 2009 nilikuwa na vyumba vitatu vilivyokamilika, na nyuma yake boma limeishia kwenye lenta, nyasi zimeota ndani. Benki hawakutaka hata kuliona, kwa sababu kiwanja kilikuwa hakijapata hati. Wakaja wanafunzi wa chuo, nikawaambia miezi sita sita. Hela ya vyumba vitatu ile nilikwenda nayo dukani siku hiyohiyo, nikanunua bati na mbao, na mwezi uliofuata fundi akapaua. Yaani vyumba vyangu vitatu vya nyuma vimeezekwa na wanafunzi. Wamenikopesha bila riba na hakuna aliyewaambia kuwa wananikopesha.

Ndiyo maana nasema kodi ya miezi sita ndiyo benki yetu. Riba ya mkopo wa nyumba nchini inafika hadi asilimia 19, na bila hati hata mkopo huo huupati. Basi mwenye nyumba anakopa kwa mpangaji, na mpangaji anakopa mtaani. Riba ipo palepale, ila imehamia kwako wewe mwenye cherehani. Wanasiasa wanaopigia kelele pango na wanaopigia kelele riba za mabenki wanazungumzia shilingi ileile, kila mmoja anatazama upande wake.

Bungeni limesemwa zaidi ya mara moja kwamba wenye nyumba waache kudai kodi ya mwaka au nusu mwaka. Mimi naliunga mkono, na najua kina mama wenzangu wenye vyumba watanisema kanisani. Mkupuo uwekewe mpaka, mwezi mmoja au miwili mitatu, bei waachiwe watu wapatane. Nililibadilisha hili kwangu kabla ya sheria yoyote, na siyo kwa wema. Nilikuwa na mpangaji wa bodaboda, kijana mtaratibu, hana kelele. Januari, mwezi wa ada za shule, nikambana anipe miezi sita. Akalipa. Machi akahama usiku, akaacha jiko la mkaa na sufuria moja. Baadaye nikasikia alikuwa ameweka rehani kadi ya pikipiki ili anilipe mimi, na pikipiki ikaenda. Lile jiko ninalo hadi leo. Tangu hapo nachukua miezi miwili.

Turudi kwako. Tazama mkataba wako. Kama muda wake haujaisha na haujaandikwa kwamba bei inaweza kupanda katikati, bei haipandi katikati. Kama mnaenda mwezi kwa mwezi, unastahili notisi ya mwezi mzima, na umwombe aandike, hata mistari mitatu. Kisha kaa naye, na usiende na maneno matupu. Nenda na hela ya miezi mitatu mkononi, mwambie 75,000 na unalipa leo. Chumba kikikaa wazi miezi miwili anapoteza zaidi kuliko hiyo 10,000 mnayobishania, na hilo analijua. Wewe nawe ukihama utampa dalali kodi ya mwezi mzima, kwa hiyo usivimbe sana.

Ikishindikana, nenda Baraza la Kata. Tangu 2021 kazi yao ni kusuluhisha tu, hawatoi hukumu, lakini usipopita kwao Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya litakurudisha. Na akigusa mlango wako, usingoje baraza, nenda kwa mwenyekiti wa mtaa na polisi siku hiyohiyo. Bawaba zibebe.

*Kamwene mama. Napanga Mlandege. Kila mwezi nikinunua umeme LUKU inanikata 1,500 ya kodi ya jengo. Jengo lenyewe limekuwa langu lini?*

Kamwene. Halijawa lako. Kiswahili chetu nacho kinatuchanganya, kodi ya pango ni kodi, ya jengo ni kodi, ya zuio ni kodi. Hii ya jengo ni ya mwenye nyumba, ila tangu 2021 inakusanywa kupitia LUKU, na LUKU haijui aliyeshika simu ni nani. Ilianza 1,000 kwa nyumba ya kawaida, mwaka 2023 ikawa 1,500. Kwa mwaka ni 18,000. Tunza zile meseji za manunuzi, na siku ya kulipa pango mwonyeshe, mkate. Afadhali mkubaliane mapema, usimshtukize na hesabu mlangoni. Kama nyumba moja ina mita tatu na zote zinakatwa, hilo ni la mwenye nyumba kwenda kuomba zibaki kwenye mita moja. Wengine wanaona uvivu kwa sababu hela si yao.

*Mama wa Baraza, mimi ni muuguzi Makambako, nimeajiriwa, napanga kwa 100,000. Benki wameniambia naweza kukopeshwa milioni 30 ya nyumba kwa miaka 15, riba asilimia 17. Redioni nilisikia riba ya Benki Kuu ni 5.75. Kwa nini mimi 17? Na je, nichukue niachane na kupanga?*

Mwanangu, ile 5.75, iliyoshushwa Julai 2025 kutoka 6, siyo bei ya mkopo wako. Ni riba elekezi, inaongoza mabenki yanapokopeshana kwa siku chache. Wewe unataka hela ya miaka 15, wakati benki inakaa na akiba ambazo wenyewe wanaweza kuzitoa kesho asubuhi. Hela ya muda mrefu ni adimu. Kwa ajili hiyo hasa ilianzishwa kampuni ya TMRC (Tanzania Mortgage Refinance Company) mwaka 2010, iyakopeshe mabenki yaweze kutoa mikopo ya nyumba. Imesaidia, ila bado hatujafika mbali. Ongeza gharama za kuuza nyumba ya mdaiwa kesi ikiwa mahakamani miaka, na faida ya benki, unafika kwenye 17 yako.

Nimekaa na kikokotoo cha mjukuu wangu. Milioni 30 kwa asilimia 17, miaka 15, utakatwa kama 461,700 kila mwezi, na hadi umalize utakuwa umelipa milioni 83. Ukichukua miaka 10, makato ni kama 521,400 na jumla milioni 62 na nusu hivi. Yaani kwa kuongeza kama 60,000 kwa mwezi unaokoa zaidi ya milioni 20. Ofisa wa mkopo hatakutajia hilo mwenyewe, atakuambia tu kwamba miaka 15 "inalipika".

Kama una kiwanja chenye hati na msingi umeshaanza, mimi nisingegusa milioni 30. Ningeomba 12 ya kumalizia, miaka mitano: kama 298,000 kwa mwezi, jumla karibu milioni 18, na unahamia ukiwa na chumba kimoja chenye dari, vingine baadaye. Makambako tofali za kuchoma hazijawa dhahabu. Kama huna kiwanja, kaa kwanza kwenye hiyo 100,000 yako bila aibu na ununue kiwanja kilichopimwa.

Ukienda benki waulize kama riba inabaki hiyohiyo au inaweza kupanda, na waombe wakuchapie jedwali la malipo, mwezi kwa mwezi. Tazama mstari wa kwanza. Kati ya zile 461,700 za mwezi wa kwanza, 425,000 ni riba. Deni lako litakuwa limepungua kwa 36,700, bei ya mifuko miwili ya simenti.